Saa Ndogo ya Kuzamia na Mkono Wako: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kujaribu na Kuchagua

Kifundo cha mkono wangu kina mzingo wa sentimita 16.5. Kwa miaka mitatu nilivaa saa ya kuzamia yenye upana wa milimita 44, niliyoiagiza baada ya kuipenda pichani. Ilikuwa saa nzuri, lakini kila nilipoketi kuandika niliivua nikaiweka mezani. Nikivaa shati la mikono mirefu, mkono wa shati uligoma kupita juu yake. Na yale masikio yanayoshika mkanda yalichomoza pande zote mbili za mkono, kama mapaa yaliyozidi ukuta. Miaka yote hiyo nililaumu mkono wangu kwa wembamba wake. Halafu siku moja rafiki yangu akanivisha saa yake ya kuzamia iliyo ndogo zaidi, Tudor Black Bay 58, tukiwa tunakunywa kahawa. Tulikaa saa mbili nzima, tukasimama kuagana, na ni yeye aliyenikumbusha kwamba nimevaa saa yake.

Saa inayosahaulika mkononi ndiyo iliyokukaa. Tangu siku ile nimepima, nimejaribu na nimevaa saa nyingi za aina hii, na ninaandika hapa hatua zote ninazomwambia mtu anayefikiria kununua moja, ili asipitie njia niliyopita mimi.

Kwanza tukubaliane maneno. Bodi ni kile kipande cha chuma kinachobeba mashine. Masikio ni ncha nne zinazoshika mkanda. Pete ni ile duara yenye namba inayozunguka juu ya bodi. Ufunguo ni kidude cha pembeni cha kutilia saa ufunguo na kupangia mishale. Cheni ni mkanda wa chuma, na pingili ni vipande vyake.

Udogo huu ulianzia wapi

Watu husema saa ya milimita 37 au 39 ni ya kike au ya mtoto. Historia inawakatalia. Mwaka 1954 Tudor, kampuni iliyoasisiwa na Hans Wilsdorf, yule yule wa Rolex, ilitoa saa yake ya kwanza ya wazamiaji, namba 7922. Ilikuwa na upana wa milimita 37 na ilistahimili maji hadi mita 100. Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya kuzamia ya Japani mwaka 1965, ile ambayo wapenzi wa saa huiita 62MAS, nayo ilikuwa ya milimita 37 hivi, mita 150. Hizo hazikuwa saa za mapambo. Jeshi la majini la Ufaransa liliwavisha wazamiaji wake Tudor kwa miaka mingi, na hakuna aliyewaambia wamevaa saa za kike.

Nisiseme zaidi ya ukweli: si zote za zamani zilikuwa ndogo. Blancpain Fifty Fathoms ya mwaka 1953, iliyobuniwa kwa ajili ya wazamiaji wa kijeshi wa Ufaransa, ilivuka milimita 40, na kwa enzi zile lilikuwa dude kubwa. Lakini saa nyingi za kuzamia za kizazi cha kwanza zilikuwa kati ya 36 na 40. Ukubwa ulikuja baadaye, mitindo ilipoanza kutaka saa inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Tudor yenyewe inaonyesha safari ya kurudi. Black Bay ya mwaka 2012 ilikuwa na upana wa milimita 41. Mwaka 2016 ikatiwa mashine ya kiwanda chao wenyewe, na bodi ikanenepa hadi karibu milimita 15. Mwaka 2018 ikaja Black Bay 58, iliyopewa jina kwa kukumbuka saa yao ya mwaka 1958: upana milimita 39, unene 11.9. Mwaka 2023 wakashuka tena hadi pale walipoanzia, na Black Bay 54: upana 37, unene 11.2. Hizi mbili nitazitumia kama mfano muda wote, kwa sababu vipimo vyake navijua na tofauti yake inafundisha mengi. Hatua zenyewe zinafaa kwa saa yoyote, hata ya bei ya chini.

Hatua ya 1: Pima mkono, na usiishie kwenye mzingo

Mzingo unaupima kwa tepu ya fundi cherehani. Huna tepu, zungusha uzi, weka alama, unyooshe kwenye rula. Pima juu kidogo ya ule mfupa uliotokeza upande wa kidole kidogo, kuelekea kiwiko, pale saa inapokaa. Pima asubuhi ukiamka, kisha pima tena saa tisa alasiri jua likiwa kali. Ukiishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utaona tofauti, kwa sababu mkono huvimba kwa joto. Mimi hupata karibu nusu sentimita. Andika namba zote mbili, maana utazihitaji tukifika kwenye cheni.

Mzingo pekee hautoshi. Watu wawili wenye sentimita 17 wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa: mmoja una umbo la duara kama mchi, mwingine ni bapa kama mwiko. Saa hukaa juu ya sehemu bapa. Kwa hiyo laza kiganja mezani, weka rula juu ya kifundo kukatiza mkono, kisha tazama kwa usawa wa jicho. Pale rula inapogusa ngozi bila kuacha upenyo ndipo bapa lako. Mwombe mtu akuwekee alama mbili za kalamu, kushoto na kulia, na upime katikati yake. Langu ni milimita 49.

Hiyo 49 ndiyo namba iliyonieleza kila kitu. Saa yangu ya zamani ilikuwa na milimita 51 kutoka sikio hadi sikio. Ilikuwa imevuka ukingo wa mkono wangu, na hakuna mkanda ambao ungeweza kuitengeneza.

Hatua ya 2: Soma vipimo vya saa kwa mpangilio unaofaa

Tangazo la saa huanza na upana wa bodi. Wewe anza na urefu wa sikio hadi sikio, yaani kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini. Kipimo hicho ndicho kinachokatiza mkono wako. Kama hakijaandikwa, kitafute au muulize muuzaji akipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, mbele yako. Asipotaka, nenda kwa mwingine.

Ushahidi ni huu. Seiko SKX007, saa iliyopendwa sana na ambayo haitengenezwi tena, ina upana wa milimita 42.5. Black Bay 54 ina 37. Kwa upana zinapishana zaidi ya milimita tano. Lakini kutoka sikio hadi sikio zote mbili ni milimita 46. Mtu mwenye mkono mwembamba anaweza kuvaa SKX007 bila masikio kuning'inia, ilhali kuna saa za milimita 40 zenye masikio marefu yaliyonyooka ambazo zitamshinda. Anayechagua kwa upana peke yake anabahatisha.

Black Bay 58 ni milimita 47.75 sikio hadi sikio. Kwenye bapa langu la 49 inaingia ikiacha nafasi ndogo tu. Black Bay 54, yenye 46, inaacha milimita moja na nusu kila upande, na hapo ngozi inaonekana vizuri pande zote. Zote mbili zinanikaa. Kanuni yangu: urefu huo usivuke bapa lako. Kama masikio yamepinda kuelekea chini unaweza kuvumilia milimita moja ya ziada, lakini si tatu.

Baada ya hapo tazama unene. Kwa maoni yangu huu ndio unaoamua kama utaipenda saa baada ya mwezi mmoja. Milimita 11 hadi 12 hupita chini ya mkono wa shati. Ikifika 13 inakwama mara moja moja. Ikifika 15 utajua umevaa kitu, na itagonga kila fremu ya mlango. Angalia pia unene huo uko wapi. Kioo kilichovimba kinaweza kubeba sehemu ya unene, na hicho hakisumbui sana kwa kuwa kingo zake zimelala. Bodi yenye kuta nene zilizosimama wima ndiyo inayoonekana kama kopo. Seiko SPB143, mrithi wa kisasa wa ile 62MAS, ina upana wa 40.5 na sikio hadi sikio 47.6, karibu sawa na Black Bay 58. Lakini unene wake ni 13.2, na tofauti hiyo ya milimita moja na kitu mkono unaihisi mara moja.

Upana wa bodi sasa. Unao umuhimu, lakini kwa macho zaidi kuliko kwa mkono. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba saa ya kuzamia huonekana ndogo kuliko saa ya kawaida yenye upana ule ule, kwa sababu pete inakula nafasi ya uso. Saa ya suti ya milimita 37 ina uso unaokaribia ukingo. Saa ya kuzamia ya 37 uso wake umezungukwa na pete nyeusi, na macho hupima uso. Kwa hiyo ukizoea saa za 42 kisha ukavaa Black Bay 54 siku ya kwanza, itakushtua kwa udogo. Ipe siku nne au tano kabla hujahukumu. Na kama macho yako yameanza kuhitaji miwani ya kusomea, chukulia hili kwa uzito, maana milimita mbili za Black Bay 58 zinasaidia kusoma.

Kipimo cha mwisho ni nafasi kati ya masikio, ambamo mkanda unaingia. Zote mbili ni milimita 20, na hiyo ni bahati njema kwa sababu mikanda ya 20 imejaa kila mahali. Ya 19 au 21 utaitafuta kwa tochi.

Hatua ya 3: Tengeneza saa ya boksi

Hatua hii hugharimu nusu saa na mkasi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote kwa mtu anayeagiza saa bila kuishika, jambo ambalo wengi wetu tunalazimika kulifanya.

Chukua boksi la katoni, lile la kawaida la kubebea bidhaa. Chora duara lenye upana wa saa unayoitaka, tuseme milimita 39. Katikati ya duara pitisha mstatili wenye upana wa milimita 20 na urefu wa sikio hadi sikio, 47.75, ili ncha zitokeze juu na chini ya duara. Kata umbo hilo kwa ukamilifu. Kisha kata maduara mengine yasiyo na masikio, uyabandike juu ya lile la kwanza kwa gundi hadi rula ikuambie umefika milimita 12. Boksi la kawaida lina milimita tatu au nne, kwa hiyo tabaka tatu au nne zitatosha. Paka uso wino mweusi, kwa kuwa kitu cheusi huonekana kidogo kuliko cheupe na usipopaka utajidanganya. Kunja ncha za masikio kidogo kuelekea chini. Pitisha utepe, funga mkononi.

Sasa ishi nayo nyumbani jioni nzima. Osha vyombo, fungua kabati, vaa na kuvua shati, andika. Tengeneza na ya pili yenye vipimo vya 37, 46 na 11, uzibadilishe. Nilipofanya hivyo mwenyewe niligundua kwamba sikuwa nikichagua kati ya kubwa na ndogo. Nilikuwa nikichagua kati ya saa inayogusa mfupa wangu wa pembeni nikikunja mkono na ile isiyougusa.

Hatua ya 4: Namna ya kuijaribu ukiipata ana kwa ana

Ukifika dukani au kwa mtu anayeuza yake, usikubali ile namna ya kuilaza saa juu ya mkono na kusema "imekutoa". Omba ifungwe. Cheni ikiwa kubwa, omba ikazwe kwa kidole upande wa chini. Saa iliyolegea hutazama upande na huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Iweke juu kidogo ya mfupa, upande wa kiwiko, si juu ya maungio. Halafu fanya haya: kunja ngumi kwa nguvu. Shika usukani wa kuwaziwa. Egemea meza kwa viganja vyote viwili, mikono ikiwa imenyooka, kama unayesukuma gari. Hapo ndipo ufunguo wa saa unaposema ukweli. Ufunguo mkubwa kwenye bodi pana huzama katika nyuma ya kiganja na kuacha alama nyekundu. Kwa Mwislamu hili si dogo, maana katika sijda mkono unakunjwa namna hiyo hiyo mara nyingi kila siku. Rafiki yangu wa Zanzibar aliiuza saa yake ya 43 kwa sababu hiyo pekee, na sasa anavaa ya 38. Kwa udhu pia ijaribu: je, unaweza kuisogeza maji yakapita chini yake, au kufungua kifungio kwa mkono mmoja wenye maji?

Usiitazame kutoka juu tu. Ukiinamia mkono, saa iko sentimita 30 kutoka machoni na itaonekana kubwa. Wengine wanaiona kutoka mita mbili. Simama mbele ya kioo kirefu, mikono ikiwa imeshuka, na ujiangalie mzima. Picha za simu nazo zinadanganya, kwa sababu simu ikisogezwa karibu hukivimbisha kilicho mbele na kukipunguza kilicho nyuma. Ndiyo maana saa nyingi kwenye matangazo zinaonekana kama sahani. Ukitaka picha ya kweli, rudi nyuma hatua mbili kisha ivute kwa zumu.

Neno kwa akina dada: muuzaji akikuambia Black Bay 54 ni ya kiume, mpe vipimo vya bapa lako na uendelee kuijaribu. Saa ya 37 inayokaa ndani ya mkono ni yako kama ilivyo ya mwingine.

Hatua ya 5: Cheni au mkanda

Saa ndogo iliyofungwa vibaya inakera kuliko kubwa iliyofungwa vizuri. Cheni inapunguzwa kwa kutoa pingili, na kosa la kawaida la mafundi ni kuzitoa zote upande mmoja, kifungio kikahamia pembeni na kuichuna ngozi. Kifungio kinatakiwa kikae katikati ya upande wa chini wa mkono. Hesabu pingili za kila upande mbele ya fundi kabla hajaanza, na mwombe akurudishie zilizotoka kwenye kipakti. Zitunze. Utanenepa au utauza saa, na mnunuzi wa kwanza mwenye mkono mnene atazidai.

Kukaza kwenyewe kufanywe mkono ukiwa umevimba, yaani mchana, ukitumia ile namba ya pili uliyoandika. Ncha ya kidole kidogo ipite chini ya kifungio bila kulazimisha. Kama cheni imekazwa asubuhi yenye baridi huko Njombe au Limuru, ukishuka pwani itakubana hadi uivue.

Hapa Black Bay 54 ina faida ya wazi. Kifungio chake kina mfumo wa kurefusha na kufupisha bila kifaa: ngazi tano, jumla ya milimita 8. Unasogeza kwa vidole ukiwa kwenye basi. Black Bay 58 za mwanzo zina matundu ya pini pembeni ya kifungio, na unahitaji kitu chenye ncha kila unapotaka kubadilisha. Kwa anayeishi kwenye joto, mimi ningelipa zaidi kwa ajili ya kifungio hicho kuliko kwa ajili ya rangi ya uso.

Mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule unaopita chini ya bodi, hukauka haraka, na pini moja ikikatika saa haianguki. Lakini unaongeza unene chini ya saa na kuinyanyua, kwa hiyo saa ya milimita 12 inakaa kama ya 14. Mpira ni mzuri baharini. Ngozi iache kwa ofisi zenye kiyoyozi, kwa sababu jasho la pwani huiozesha na itanuka ndani ya miezi michache.

Ukibadilisha mkanda mwenyewe, bandika selotepu upande wa ndani wa masikio kwanza. Fundi mmoja aliichubua saa yangu kwa bisibisi kwa kukosa selotepu ya senti chache, na mchubuko huo ninauona kila siku.

Hatua ya 6: Maji

Mita 200 zilizoandikwa kwenye Black Bay zote mbili hazimaanishi utashuka mita 200. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban bari moja, na mzamiaji wa kujifurahisha, awe Mafia, Pemba au Diani, hapiti mita 40. Zilizobaki ni akiba ya usalama. Kipimo cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kinaanzia mita 100, kinataka saa ijaribiwe kwa shinikizo la asilimia 125 ya kile kilichoandikwa, na kinataka isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Saa iliyoandikwa mita 30 ni ya kunawa mikono na mvua, si ya kuogelea.

Kinachozuia maji ni mipira midogo iliyo chini ya kioo, kwenye mfuniko wa nyuma na kwenye ufunguo. Mipira huzeeka. Ukiogelea na saa, ipeleke ipimwe shinikizo kila mwaka. Kabla ya kuingia majini hakikisha ufunguo umekazwa hadi mwisho, na usiuguse ukiwa ndani ya maji. Ukitoka baharini, suuza saa kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku ukizungusha pete, kwa sababu chumvi na mchanga hujificha chini yake na ndivyo vinavyoifanya ikwame. Maji ya moto na mvuke viepuke kabisa.

Hatua ya 7: Jifunze kuitumia pete

Ukinunua saa ya kuzamia na hutumii pete, umelipia kitu bure. Leo wazamiaji hutegemea kompyuta za mkononi, na saa ni ya akiba. Nchi kavu, hata hivyo, mimi hutumia pete kila siku.

Sogeza alama ya pembetatu ielekeane na mshale wa dakika. Basi. Muda unaopita unasomwa kwenye pete. Nikifunika pilau na kupalia makaa juu ya mfuniko, naweka pembetatu, na mshale ukifika 20 naenda kufunua. Pete huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale, na kuna sababu: ikigongwa chini ya maji inaweza tu kuonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, hivyo mzamiaji atapanda mapema, hatachelewa.

Black Bay 58 ina mistari ya kila dakika kwenye pete kwa robo saa ya kwanza. Black Bay 54 haina, kwa kufuata ile ya 1954. Mimi naipenda pete tupu kwa sura, lakini anayepima chai ya dakika nne ataikosa ile mistari.

Na jambo moja letu wenyewe. Sisi husoma saa kwa Kiswahili kwa kutazama upande wa pili wa uso, na hatufikirii. Mgeni hutatizika. Mzungushie pete hadi pembetatu ikae pale kwenye 6, kisha mwambie asome mshale mfupi kwenye pete na agawe kwa tano. Mshale ukiwa kwenye 8, pete inaonyesha 10, na kumi kwa tano ni saa mbili. Nimewafundisha wawili hivyo, wakaelewa kabla chai haijapoa.

Hatua ya 8: Kununua

Tudor hizi mbili ni ghali, na kuna za bei nafuu zenye vipimo vya karibu. Baltic Aquascaphe ya Ufaransa na Lorier Neptune ya New York zote ni za milimita 39. Kampuni ya Orient ina Mako ya karibu milimita 40. Zipime kwa hatua zile zile.

Ukinunua iliyotumika, tazama masikio kwanza kuliko kioo. Saa iliyosuguliwa mara nyingi masikio yake huwa membamba na kona zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Zungusha pete mzunguko kamili: Tudor hizi zina mibofyo 60, na isiwe na mahali inapolegea. Fungua ufunguo na uukaze tena. Ukisikia unakwaruza, acha. Hesabu pingili. Funika saa kwa kiganja chini ya taa, kisha uchungulie kama mishale na alama zinang'aa kwa nguvu sawa. Mshale mmoja ukiwa hafifu, huenda umebadilishwa. Saa bandia za Tudor zipo nyingi, kwa hiyo bei inayokuchangamsha kupita kiasi ichukulie kama onyo, na usitoe fedha kabla fundi unayemwamini hajafungua mfuniko wa nyuma.

Zote mbili hazina tarehe. Wengine huona ni upungufu, mimi naona ni raha, hasa kwa saa inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Mashine zake hushikilia takriban saa 70 bila kuvaliwa. Uivue Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta inatembea, na itaendelea hadi alasiri ya siku hiyo.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Vaa saa mpya ndani ya nyumba kwa siku tatu, huku plastiki ya kifungio ikiwa bado haijatolewa kama muuzaji amekubali irudishwe. Weka karatasi karibu na kitanda, na kila usiku andika mambo mawili tu: mara ngapi uliivua kabla ya kulala, na kwa sababu gani. Ukiona "ilinibana mchana", ni cheni, na fundi atamaliza kwa dakika kumi. Ukiona "iligonga meza" kila siku, ni unene. Ukiona "ilizunguka upande", kaza kwanza kabla hujailaumu saa, na kama bado inazunguka ikiwa imekazwa vizuri, rudi kwenye bapa lako na rula.

Karatasi yangu ya Black Bay 54 iliandikwa siku mbili za kwanza, "ndogo, ndogo mno". Siku ya tano nimeandika kwamba niliivua mara moja, nilipokuwa nikikanda unga wa chapati. Kuanzia siku ya nane karatasi ni tupu.